Mahari ya Kuwasha na Kuzima

Chwa.

Kimya kidogo. Kisha tena: chwa.

Nasrin alikuwa macho gizani, bintiye Sabrina kamlalia ubavuni, na hakuhitaji kuuliza sauti ile ni ya nini. Ni Bibi Sharifa huyo, chumba cha pili, anageuza kurasa. Umeme ulikatika tangu jana magharibi, adhana ya alfajiri bado, na ajuza yule alikuwa akipapasa riwaya yake kutafuta alipokunja ncha ya ukurasa, ili kukipambazuka tu asipoteze muda.

"Bibi," Nasrin aliita kwa sauti ya chini. "Unasoma nini na giza hili?"

"Sisomi. Najiweka tayari." Chwa. "Na wewe, huna usingizi, au umeukumbatia ule ubao wako?"

Nasrin alimvutia Sabrina shuka. Kishikwambi kilikuwa kweli chini ya mto. Umeme ukiwepo alikichaji, kikijaa alikirudisha chini ya mto. Kukifungua, hakukifungua. Alifanya hivyo kama mtu anavyoendelea kumwekea chakula mtu aliyehama.

Watu walikuja kumpa pole ya kuachwa wakategemea kuona machozi. Hakuwa nayo. Hakuwa hata na huzuni, maana huzuni angalau ina uzito, mtu huibeba. Ndani yake palikuwa patupu, kama ghala baada ya mahindi kuuzwa: pamefagiwa, mlango wazi, upepo unaingia na kutoka.

Na eda ilikuwa ukingoni.

* * *

Siku ile ya posa, shehe alipomtuma Bibi Sharifa aingie ndani kumuuliza mwari anataka mahari gani, Nasrin alijibu bila kupepesa: "Vitabu."

Wenzake pale Same walikuwa wametaja vitanda, cherehani, msahafu na mswala. Yeye alikuwa kwenye masomo ya jioni wakati huo, anarudia kidato alichokiacha, na kusoma kulikuwa kumemwingia kama homa. Bibi alitoka chumbani uso unang'aa. Nani angemlaumu? Riwaya zake mwenyewe, alizozifunika kwa makaratasi ya kalenda za zamani, zilikuwa zimezunguka nusu ya wanawake wa sokoni na kupanda hadi milimani. Alijua mjukuu wake amerithi kwake.

Basi akaja Abdulmalik, fundi mitandao wa Mwanga, kijana mwenye shingo ndefu na aibu nyingi, na mkononi ameshika kishikwambi.

"Vitabu viko wapi?" wazee wakauliza.

"Humu," akasema. "Vingi kuliko kabati la shule."

Baraza likachemka. Mzee mmoja akataka kujua kama mahari isiyoshikika ni mahari. Shehe akakipokea kile kidude, akakipima kiganjani, akasema: "Mbona hiki kinashikika?" Watu wakacheka, ndoa ikafungwa. Bibi peke yake ndiye aliyebaki amebinua midomo. "Mahari ya kuwasha na kuzima," alisema. "Haya. Macho yangu yapo."

Lakini Nasrin aliipenda mahari yake, tena sana. Sabrina alipozaliwa, usiku wa kunyonyesha ulikuwa mrefu, na kitabu cha karatasi kinataka mikono miwili na taa. Kishikwambi kilitaka kidole gumba tu. Alinyonyesha kwa mkono mmoja, akasoma kwa mwingine, mwanga hafifu ndani ya chandarua, na Abdulmalik akaamka akaweka kidevu begani kwake wasome pamoja. Yeye alikuwa msomaji wa polepole. "Subiri," angenong'ona, "usigeuze, sijafika." Nasrin alikuwa akimaliza ukurasa mapema, kisha anabaki kumsikiliza mumewe akisoma kwa pumzi. Pengine mapenzi yao yalikaa pale, katika kule kusubiri.

Halafu mama mkwe akachoka na masomo ya jioni. Mke gani anarudi nyumbani gizani na madaftari? Neno likazaa neno, Nasrin akajibu ambapo zamani angenyamaza, mama mkwe akalia, na Abdulmalik, aliyekuwa ameshinda juu ya mnara wa simu tangu asubuhi na jua lote kichwani, akasema mbele ya mama yake: "Basi! Nimekuacha, talaka moja."

Talaka moja. Mlango umerudishwa, haujafungwa kwa kufuli. Kabla eda haijaisha, mume akisema neno, mke amerejea.

Nasrin alifika kwao Same na mtoto, begi, na kishikwambi. Jioni ya kwanza akakifungua, atafute angalau hadithi ya mtu mwingine aingie humo ajifiche. Rafu ilikuwa tupu. Hakuna hata jalada moja. Maandishi madogo tu, kwamba huduma hii haipo tena.

Amenyang'anya mahari. Ndivyo alivyojiambia. Mtu anaweza kumwacha mke, lakini mahari hairudishwi mfukoni. Alikizima, akakiweka chini ya mto, na ndiyo siku ghala lilipofagiwa.

* * *

Abdulmalik alifika siku ileile Bibi alipopapasa kurasa gizani, baada ya sala ya adhuhuri, upepo wa Same ukipeperusha vumbi hadi kwenye sufuria ya makande. Mkononi alikuwa na perege wa Jipe, amewafunga vizuri kwa majani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba." Bibi Sharifa hakuinua macho kitabuni. "Samaki hao wa karatasi au wa kuwasha?"

"Wa ziwani, Bibi."

"Alhamdulillahi. Hao angalau watanuka."

Mzee Sefu, baba yake Nasrin, alimkaribisha ndani. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye duka la misumari na mabati kando ya barabara kuu, na tangu binti arudi nyumbani alikuwa amekonda kuliko binti mwenyewe. Abdulmalik akavua viatu barazani, akaingia. Sabrina akamrukia shingoni. Alimshika mtoto yule muda mrefu, macho ameyafumba, na Nasrin, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa uani na mwiko, aliona mgongo wake ukitetemeka. Akasubiri ahisi kitu. Hakuna kilichokuja.

"Mama Sabrina," akamsalimia.

"Baba Sabrina. Umekonda."

"Wewe je?"

"Mimi nipo."

Wakaketi. Chai ikamiminwa. Mzee Sefu akasafisha koo.

"Mwanangu, sitazunguka. Eda inaisha. Kuna mtu wa Makanya, mwenye malori ya jasi, ameshatuma salamu mara mbili. Mtu mzima, amefiwa na mke, hana maneno mengi. Sijamjibu. Lakini nawe hukuja, hukupiga simu. Umekuja leo kufanya nini?"

"Nimekuja kumrejea mke wangu, baba."

Mwiko wa Nasrin uligonga ukingo wa sufuria, basi.

"Neno ni lako," Mzee Sefu akasema taratibu. "Ukilisema mbele yangu, limekwisha. Sheria haihitaji ruhusa yangu."

"Lakini sheria yangu inahitaji!" Bibi akafunga kitabu kwa kishindo. "Sisi Wapare tunapelekana mahakamani kwa kuku mmoja, seuze mahari! Tuambie kwanza. Mahari ya mjukuu wangu iko wapi?"

"Anayo," Abdulmalik akasema, ameshangaa. "Si alikuja nayo?"

"Alikuja na sahani. Wali uliula wewe."

Abdulmalik akageuka kumtazama Nasrin. Nasrin akaingia chumbani, akatoka na kishikwambi, akakiwasha, akakiweka mkekani kati yao. Rafu tupu ikamulika dari.

Abdulmalik akakitazama. Masikio yake yakawa mekundu, na Nasrin, ambaye aliyajua masikio yale, akajua kabla hajafungua mdomo kwamba kuna jambo.

"Sikuvinyang'anya," akasema. "Wallahi, Nasrin. Sikugusa kitu."

"Viliondoka kwa miguu?" akauliza Bibi.

"Vilikuwa…" Akameza mate. "Vilikuwa vya kulipia kila mwezi, Bibi. Mnajiunga, mnasoma mnavyotaka. Mwezi ukiisha unalipia tena. Mimi ndiye nilikuwa nalipia."

Lori lilipita barabarani, vikombe vikatikisika.

"Subiri nielewe," Mzee Sefu akasema. "Havikuwa vyako?"

"Hapana, baba."

"Havikuwa vyake?"

"Hapana."

"La ilaha illallah!" Bibi Sharifa alipiga kofi mkekani, na ingawa alikuwa na hasira, mdomo ulimcheza. "Umeoa kwa ng'ombe wa kuazima! Miaka yote hii mjukuu wangu anakamua ng'ombe wa jirani!"

"Siku hizi ndivyo watu wanavyosoma, Bibi. Hakuna anayenunua kitu akakifungia kabatini. Kitabu cha karatasi kinachakaa, kinaliwa na mchwa…"

"Mchwa wakila kitabu changu wanaacha udongo, nikapajua palipokuwa na kitabu. Chako kimeliwa na nani? Hata vumbi halikubaki." Akakinyanyua kile cha kwake, mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia. "Hiki nilimwazima Blandina wa kwa Naftali, kule juu. Kilikaa naye masika yote, kikarudi kimevimba kwa ukungu wa milimani kama mwenye matumbwitumbwi. Lakini kilirudi, baba! Ukimwazima mtu kitu chako, kinarudi. Wewe ulimpa mke kitu cha watu, kikarudi kwao."

"Mama, taratibu," Mzee Sefu akamwambia. Yeye mwenyewe hakuwa amesoma kitabu tangu aache shule, lakini alilijua deni alipoliona.

"Cha Bibi kinanuka," Sabrina akachangia kutoka mapajani mwa baba yake. "Cha mama kina taa."

"Na wewe unapenda kipi, mama?" Abdulmalik akauliza, ameshika neno la mtoto kama mtu anayezama.

"Mimi sina."

Hakuna aliyecheka. Nasrin alikaa chini hatimaye, mikono mapajani, na sauti aliyoitoa ilikuwa tambarare, kama anayesoma bei za bidhaa.

"Mwezi uliisha lini?"

"Nasrin…"

"Nauliza tu."

"Siku uliyoondoka." Aliongea akiangalia kidevu cha Nasrin, hakuweza kufika machoni. "Ujumbe ulikuja kwenye simu, lipia. Nilikuwa na hasira. Nyumba ilikuwa kimya. Nikasema, kwa nini nimlipie hadithi wakati yeye ameniacha na yangu hii? Nikaufuta. Mwezi uliofuata ukaja tena. Hasira ilikuwa imeshakwisha, nikaona aibu. Nikadhani hutaki tena kitu changu chochote."

"Na vinaweza kurudi?"

Uso wake ukafunguka. "Sasa hivi! Ngoja." Akachomoa simu, vidole vikaenda mbio, vikakosea, vikarudia. Alikuwa akihema. "Tazama. Tazama, Nasrin."

Na kweli. Juu ya kioo kile, majalada yakaanza kutokea moja moja, kama madirisha yanavyowaka jioni umeme ukirudi mtaani: lile la msichana mwenye ushungi wa kijani, lile la mlima, lile la mkono ulioshika ufunguo. Yote. Abdulmalik akagusa moja, na kitabu kikafunguka palepale alipokiacha, sentensi ileile katikati, hakikusahau kitu. Hata Bibi Sharifa alisogea kutazama, kisha akajikumbuka akarudi nyuma.

Nasrin alitazama sentensi ile. Alijua neno linalofuata. Alisubiri moyo ushtuke, kama unavyosubiri ganzi itoke mguuni, uumwe basi, ujue mguu ni wako.

"Kumbe ilikuwa dakika moja," akasema.

"Eeh! Umeona? Dakika moja tu."

"Kumbe siku zote hizi ilikuwa dakika moja, Baba Sabrina."

Furaha ikamkauka usoni. Mzee Sefu aliinamisha kichwa. Bibi akakiweka kitabu chake chini.

"Nilijilaza hapo ndani," Nasrin akaendelea, "nikaamini umeniona sistahili hata nilichoshika. Nikawa nakichaji. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kikiwaka siku moja kiwe tayari. Na wewe ulikuwa Mwanga, dakika moja mkononi, unasubiri mimi nitake."

"Nilikosea."

"Najua."

"Nitakununulia vya karatasi. Vyote. Nitakwenda Moshi, nitakwenda Dar. Bibi atavishona."

"Mimi si fundi wako," Bibi akanong'ona, lakini bila nguvu.

"Sitaki vya karatasi kwa sababu ni vya karatasi," Nasrin akasema. "Sikiliza. Bibi ana chake, nami nilikipenda hiki, nilimnyonyeshea mtoto kwa taa yake. Kosa si kioo. Ulinioa kwa kitu ambacho ukikasirika kinazimika. Na wewe mwenyewe hukujua. Mimi sikujua. Tulikuwa tunasoma tu."

Abdulmalik alimshusha Sabrina taratibu. Akapiga magoti mkekani, mbele ya mkwewe na ajuza, hakujali.

"Nasrin. Neno liko hapa." Akagusa koo lake. "Nikilisema, umerudi. Baba amesema. Jioni hii tunakula Mwanga, Sabrina analala kitandani kwake. Nimeongea na mama, masomo utaendelea nayo, nimemwambia hilo ni langu. Nikilisema yamekwisha. Niseme?"

Swali lile lilimshtua kila mtu. Maana Abdulmalik alikuwa na haki. Angeweza kusema bila kuuliza, tangu mlangoni, tangu kwenye simu. Nasrin alimtazama mtu yule mwenye shingo ndefu aliyejifunza kusubiri ukurasa usigeuzwe, na kwa mara ya kwanza mchana ule akaona mikono yake mwenyewe inatetemeka mapajani. Aliiona tu. Kuihisi, bado.

"Usiseme."

"Nasrin!" Mzee Sefu akashtuka.

"Usiseme, Abdulmalik. Nakuomba. Ukisema nitapanda basi, nitakuja, nitapika, nitalala. Mwili utakuwepo. Lakini utakuwa umenirudisha kama ulivyovirudisha hivi." Akasukuma kishikwambi kwake, polepole, kwa ncha ya vidole. "Kwa dakika moja. Nami sijui nitazimika lini tena."

"Sasa unataka nini? Eda ikiisha nitakuwa mtu baki kwako. Nitakuwa kama yule wa malori."

"Ndiyo."

"Ndiyo?"

"Acha iishe. Halafu uje kama mtu baki. Ulete wazee wako. Shehe amtume Bibi aniulize upya nataka mahari gani, nami nitaitaja upya. Nimeshaijua sasa, ila sitaitaja leo."

"Na yule wa Makanya akitangulia?"

"Basi atakuwa ametangulia."

Alisema hivyo, na sauti haikupanda wala kushuka. Lakini Bibi Sharifa, aliyemlea tangu mama yake afariki, aliinama akamvuta ushungi uliomwanguka, akauweka vizuri begani, mkono ukabaki pale.

"Baba," Bibi akamgeukia Abdulmalik, na sasa hapakuwa na kejeli, "mwanamke akikuambia uje upya, hajakufukuza. Ila asije akangoja kama alivyongoja kile kidude chako. Umesikia?"

Abdulmalik alifungua mdomo. Nasrin aliliona neno. Lilikuwa pale, juu ya ulimi wake, neno dogo la kumrudishia kila kitu, mke, mtoto, chandarua, kidevu begani. Mzee Sefu alishika ukingo wa mkeka.

Akaufunga mdomo.

Hakuwahi kumpa zawadi kubwa kuliko ile. Nasrin alilijua hilo kwa akili kwanza. Mengine yangefuata yakipenda.

"Nitakuja," akasema tu. Akambusu Sabrina utosini, akampa mkono Mzee Sefu mara mbili kana kwamba amesahau mara ya kwanza, akamwambia Bibi asante kwa samaki, samaki aliowaleta mwenyewe. Akatoka barazani, akaingiza miguu kwenye viatu bila kuangalia, akashika njia ya kwenda barabara kuu.

Nasrin alisimama mlangoni. Jua lilikuwa limeinama, milima imevaa kivuli, na upepo ulilijaza shati la yule mwanamume likavimba mgongoni. Alikuwa akitembea vibaya. Anaburuza nyayo, anajikwaa, visigino vinamtoka nyuma kama mzee aliyetoka kuugua. Majonzi haya, Nasrin alifikiri, yamemvunja mpaka magoti. Kitu kidogo kikamchoma chini ya mbavu, chembamba kama mwiba wa mkonge, na alikishika pale kwa kiganja ili kisiondoke.

Nyuma yake baba yake alikuwa amechuchumaa barazani, anainua mkeka, anatazama chini ya benchi, anaguna.

Sabrina alikuwa ameketi kizingitini, mikono mashavuni, macho njiani kwa baba yake. Akasema kwa sauti kubwa:

"Baba amevaa makubazi ya babu."